Kwenda kwa Babu, Kupitia Omaha

Kuna neno ambalo Mgiriki aliyezaliwa Chicago akilitamka akiwa Athens, watu huangua kicheko. Neno lenyewe ni karo. Kwao Marekani karo ni gari. Babu zao walilisikia kwa Kiingereza, wakalivisha mwisho wa Kigiriki, likakaa. Lakini kule Ugiriki karo ni mkokoteni, ule wa kuvutwa na punda. Kwa hivyo kijana anashuka kwenye ndege, anakumbatiwa na mabinamu, halafu anawatangazia kwa Kigiriki anachokiamini kwa roho yote kwamba baba amenunua mkokoteni mpya wa milango minne. (Kwetu karo ni ile ya shule, na hiyo haichekeshi. Niulize mimi.)

Kicheko cha mabinamu ni cha upendo, lakini kinauma. Kinamwambia kijana kwamba ile lugha aliyoitunza kama urithi, ile aliyolazimishwa kujifunza jioni wakati wenzake wanacheza mpira, imechakaa njiani. Yeyote aliyewahi kufika ushago Disemba, akasalimiwa kwa lugha ya mama na kujibu kwa Kiswahili huku shosho akimtazama kwa huruma, anajua hiyo hisia. Wagiriki nao wana neno lao la ushago: chorio. Kijiji. Mtu anaweza kuzaliwa Astoria, New York, akaishi huko miaka sabini, na bado akiulizwa kwao ni wapi atataja kijiji cha milimani ambacho hajawahi kulala hata usiku mmoja.

Ndiyo maana kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, makundi ya vijana Wamarekani wenye asili ya Ugiriki huvuka Atlantiki. Si watalii hasa, na si wanafunzi hasa. Wanapelekwa kujifunza kwao. Na ukitaka kuelewa kwa nini mtu anahitaji kufundishwa kwao, lazima uanze na zabibu.

Karne ya kumi na tisa, sehemu za magharibi za Peloponnese, kutoka Patras kushuka hadi Pyrgos, ziliishi kwa zao moja: zabibu ndogo nyeusi zinazokaushwa juani. Kisha mashamba ya mizabibu ya Ufaransa yakavamiwa na mdudu anayeitwa filoksera, anayekula mizizi. Wafaransa wakakosa zabibu za kutengenezea divai, wakageukia Ugiriki. Bei ikapanda, na wakulima wa Peloponnese wakafanya kile mkulima yeyote angefanya. Waling'oa mizeituni wakapanda mizabibu, wengine kwa pesa za mkopo.

Sasa ngoja. Wafaransa wakapata dawa ya tatizo lao, mashamba yakafufuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali yao ikaweka ushuru mkali kulinda wakulima wake. Bei ya zabibu za Ugiriki ikaporomoka. Mwaka 1893 nchi nzima ikafilisika. Mkulima akabaki na shamba lililojaa kitu ambacho hakuna anayekinunua, na deni lililo hai kabisa.

Vijana wa kiume wakaanza kuondoka. Kati ya 1890 na mwanzoni mwa miaka ya 1920, Wagiriki wapatao 400,000 waliingia Marekani, na wengi mno walikuwa wanaume. Mpango haukuwa kuhama. Mpango ulikuwa kwenda, kutafuta pesa, kulipa deni la baba, kukusanya mahari ya dada (kwa Wagiriki upande wa mwanamke ndio uliotoa), kisha kurudi. Na wengi walirudi kweli. Kijijini waliwapachika jina, Brouklis, kutoka Brooklyn, hata kama mtu alikuwa ametokea Utah. Unamjua huyo mtu. Suti, meno ya dhahabu, na hadithi nyingi.

Waliobaki walijenga reli, walichimba makaa ya mawe, walifanya kazi viwandani Lowell na Chicago, walizamia sponji Tarpon Springs kule Florida. Watoto wadogo waling'arisha viatu mitaani chini ya mabosi wa Kigiriki waliokula jasho lao. Yaani hata unyonyaji ulikuja na mtu wa kwenu.

Kwa macho yetu hapa Nairobi, hawa wote ni wazungu tu. Lakini Marekani ya wakati huo haikuwa na hakika. Omaha Kusini, jimbo la Nebraska, Februari 1909, polisi alimkamata Mgiriki mmoja aliyekuwa na msichana mzungu, ambaye inasemekana alikuwa akimfundisha Kiingereza. Yakazuka mapambano, polisi akapigwa risasi akafa. Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 21, baada ya mkutano wa hadhara uliojaa hotuba za chuki, kundi la watu wapatao elfu moja liliingia mtaa wa Wagiriki. Walivunja, walipora, walichoma. Wagiriki zaidi ya elfu moja walifukuzwa mjini. Ni mtu mmoja tu aliyeshikwa kwa kumpiga risasi polisi, lakini bili ililetwa kwa kabila zima. Sisi ambao tumeona majirani wakifukuzana kwa sababu ya jina la pili la mtu hatuhitaji kuelezwa hesabu hiyo.

Miaka mitano baadaye, Ludlow, Colorado. Wachimba makaa waliokuwa kwenye mgomo walikuwa wakiishi kwenye kambi ya mahema, baada ya kufukuzwa kwenye nyumba za kampuni. Mmoja wa viongozi wao alikuwa kijana kutoka Krete aliyejulikana kama Louis Tikas. Tarehe 20 Aprili 1914 wanajeshi wa jimbo waliishambulia kambi kwa risasi, na mahema yakateketea. Wanawake wawili na watoto 11 walikufa kwa moshi ndani ya shimo walimojificha. Tikas aliuawa kwa risasi akiwa mikononi mwa wanajeshi hao hao.

Kisha sheria ikaja kumaliza kazi. Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipunguza idadi ya Wagiriki walioruhusiwa kuingia hadi 100 kwa mwaka. Si elfu mia. Mia moja.

Watu wakifanyiwa hivyo wana njia mbili. Wagiriki wa Marekani walizijaribu zote, na wakagombana kuzihusu. Mwaka 1922 mjini Atlanta, karibu na mlima ambako Ku Klux Klan ilifufuliwa mwaka 1915, wafanyabiashara wa Kigiriki walianzisha chama cha AHEPA. Mikutano yao ilikuwa kwa Kiingereza. Lengo lilikuwa kuwa Wamarekani wazuri, raia safi, watu wasioweza kuchomewa maduka. Mwaka uliofuata, Pittsburgh, wengine wakaanzisha GAPA, chama kilichosema hapana: lugha ya Kigiriki na Kanisa la Kiorthodoksi kwanza. Kila upande uliuona mwingine kama wasaliti. Mmoja ulisaliti mababu, mwingine ulisaliti watoto.

Historia iliwapa AHEPA ushindi, kwa sehemu. Watoto walikwenda shule za Kiingereza, walipigana Vita Kuu ya Pili wakiwa na sare za Marekani, walirudi wakasoma vyuo, walihamia vitongoji vyenye nyasi mbele ya nyumba. Majina yakafupishwa. Mzee akafungua mgahawa, mwanawe akawa wakili. Kufikia miaka ya 1960 Mgiriki wa Marekani alikuwa amepewa kile ambacho babu yake alinyimwa Omaha: alikuwa ameruhusiwa kuwa mzungu wa kawaida. Na hapo ndipo hofu nyingine ilipoanza. Mtu akishakubaliwa kabisa, ni nini kinamkumbusha yeye ni nani?

Mwaka 1970 ndio mwaka wa kuangalia. Kanisa la Kiorthodoksi la Wagiriki huko Marekani liliongozwa na Askofu Mkuu Iakovos, mwanamume aliyezaliwa Imbros, kisiwa ambacho leo kiko Uturuki. Huyu ndiye aliyesimama na Martin Luther King Selma, Machi 1965, picha yao ikatoka kwenye jalada la jarida la Life. Mwaka huo wa 1970, mkutano mkuu wa makasisi na waumini uliofanyika New York uliruhusu Kiingereza kitumike kwenye ibada. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Kwa wazee, Mungu alikuwa ameanza kusahau Kigiriki.

Na mwaka huo huo, kanisa hilo hilo lilianzisha kambi ya vijana ya kiangazi huko Ugiriki kwenyewe, kwenye ufuo wa magharibi wa Peloponnese, inayoitwa Ionian Village. Nani aliwaza nini chumbani sijui, lakini ukiweka mambo haya mawili kando kwa kando yanasema kitu kimoja. Lugha inatoroka nyumbani, basi tuwapeleke watoto ilikotoka. Ugiriki yenyewe wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, makanali waliopindua serikali mwaka 1967 na ambao wangeanguka mwaka 1974. Watoto waliletwa kujifunza uhuru wa mababu katika nchi ambayo haikuwa huru.

Kambi ipo hadi leo. Vijana hulala pale, huogelea, husali kwenye kanisa dogo la kambini, hucheza ngoma za duara wakiwa wameshikana mikono. Hupelekwa Olympia kuona palipoanzia michezo, Patras kwenye masalia ya Mtakatifu Andrea, Zakynthos kwa Mtakatifu Dionysios, na Athens kupanda Akropolis. Wakirudi wanalia uwanja wa ndege. Wengi husema walipata marafiki wa maisha, na wengine walipata wachumba, jambo ambalo wazazi hawakulichukia hata kidogo.

Kuna mipango mingine. Ule unaonivutia zaidi unaitwa Heritage Greece, ulioanza mwaka 2010. Huchukua wanafunzi wa chuo wa Marekani wenye asili ya Ugiriki, huwapeleka Athens kwa wiki chache, na kila mmoja hukutanishwa na wanafunzi wa rika lake wa Kigiriki katika Chuo cha Marekani cha Ugiriki. Chuo hicho chenyewe kina hadithi ya mkimbizi. Kilianza mwaka 1875 Smyrna, mji ulio Uturuki ya leo, kama shule ya wasichana ya wamisionari. Smyrna ilipoteketea mwaka 1922 na Wagiriki wakatimuliwa, shule ilihamia Athens mwaka uliofuata. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka upande wa Uturuki miaka hiyo. Kwa hivyo kuna vijana wanaotua Athens wakidhani wamefika kwao, na kumbe kwao ni ng'ambo ya bahari, katika nchi nyingine, ambako mtaa wa babu una jina jipya na msikiti.

Angalia mwaka tena: 2010. Mei mwaka huo Ugiriki ilipewa mkopo wake wa kwanza wa kuokolewa, na mishahara na pensheni zikakatwa. Kufikia 2013 zaidi ya nusu ya vijana waliotafuta kazi hawakuipata. Hebu piga picha. Meza moja mkahawani Athens. Upande huu kijana kutoka Boston, macho yanang'aa, anataka kujua mizizi yake. Upande ule rika lake wa Athens, ana digrii mbili, anamuuliza viza ya Marekani inapatikanaje. Mmoja amekuja kutafuta kile ambacho mwingine anataka kukikimbia. Kati ya 2008 na 2016 zaidi ya Wagiriki 400,000 waliondoka nchini, wengi wao wasomi. Linganisha na ile idadi ya enzi ya zabibu. Ni karibu watu wale wale, na sababu karibu ile ile: deni, bei, na maamuzi yaliyofanywa mji mkuu wa nchi nyingine.

Hapo kwenye meza ndipo naona elimu ya kweli ikitokea, kwa sababu hakuna aliyeipanga. Kijana wa Boston anagundua kwamba Ugiriki si nguzo za marumaru tu. Ni mtu wa miaka 21 anayelala chumba kimoja na mdogo wake na kuogopa kesho. Na yule wa Athens anagundua kwamba huyu Mmarekani mwenye Kigiriki cha mkokoteni anajua ngoma ya kijiji ambayo yeye, mtoto wa jiji, hakuwahi kujisumbua kujifunza.

Lakini nina swali kuhusu kile kinachoitwa utamaduni wa mababu. Babu aliyeondoka Pyrgos mwaka 1905 hakuwa na Akropolis. Wengi wa kizazi chake hawakuwahi kuiona. Alikuwa na mbuzi, deni, mtakatifu wa kijiji chake, na sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15 Agosti ambapo angalau siku moja watu walikula nyama na kucheza mpaka asubuhi. Perikles na Sokrates mara nyingi alikutana nao Marekani, kwenye hotuba za vyama, kwa sababu Wamarekani walioidharau Ugiriki iliyong'arisha viatu vyao waliiheshimu Ugiriki ya vitabuni. Kujiita mjukuu wa Sokrates ilikuwa ngao. Simlaumu mtu aliyechomewa mtaa kwa kutafuta ngao. Ila mjukuu anapopelekwa leo kuiona ngao na kuambiwa huyu ndiye babu yako, kuna mtu amepotea hapo katikati. Aliyepotea ni babu mwenyewe, yule wa risasi na makaa ya mawe, yule aliyefukuzwa Omaha usiku.

Na hapa ndipo jiografia inafanya kitu ambacho ratiba haikukusudia. Kambi ya Ionian Village iko karibu na mji wa Bartholomio, wilaya ya Ilia. Ilia ni ile ile nchi ya zabibu, ile iliyowatema wanaume wake kwenda Marekani. Siku hizi zao linaloingiza pesa nyingi ni stroberi, na mji mkuu wa stroberi ni Nea Manolada, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka kambini.

Wanaozichuma ni wahamiaji, na wengi wametoka Bangladesh. Tarehe 17 Aprili 2013 kundi kubwa la wafanyakazi hao lilikusanyika shambani kudai mishahara ambayo hawakuwa wamelipwa kwa miezi. Waliahidiwa euro 22 kwa siku ya saa saba. Waliishi kwenye vibanda vya plastiki na mianzi, bila choo wala maji ya bomba. Mmoja wa walinzi alifyatua bunduki. Watu wapatao 30 walijeruhiwa. Kesi ilipofika mahakama ya Patras, mwenye shamba aliachiliwa. Wafanyakazi wakaenda Strasbourg, kwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Machi 2017 mahakama hiyo ikaamua kwamba ile ilikuwa kazi ya kulazimishwa na kwamba Ugiriki ilishindwa kuwalinda.

Sisemi hivi ili kuwachafua Wagiriki. Wagiriki wenyewe ndio waliopiga kelele kwanza. Wakati ule watu walisusia stroberi za Manolada wakiziita stroberi za damu, na waliowapeleka wafanyakazi Strasbourg walikuwa mawakili na wanaharakati wa huko huko. Ninachosema ni kwamba hadithi ya Ludlow na hadithi ya Manolada ni moja: kijana kutoka kijiji chenye deni, nchi ya mbali, mshahara usiolipwa, mtu mwenye bunduki, mahakama iliyoangalia kando. Kilichobadilika ni kwamba safari hii Mgiriki yuko upande wa pili.

Ukimwambia mjukuu wa mhamiaji aje ajifunze yeye ni nani, kisha ukampitisha kando ya hao wachumaji bila kusema neno, umemfundisha kitu. Umemfundisha kwamba urithi wake ni wa mawe na watakatifu pekee, na kwamba jasho la babu lilikuwa aibu ya muda, sasa imepita. Lakini kama kuna Mmarekani mwenye haki ya kukaa chini na mchumaji wa Sylhet na kumwelewa bila mkalimani wa moyo, ni huyu mtoto wa Omaha. Wagiriki wana neno la maisha hayo, xenitia: kuishi ugenini na uchungu wake. Babu yake alilijua neno hilo kabla ya kujua neno gari.

Mambo ya ngoma, kanisa na bahari yabaki. Siyadharau. Mtoto anayeshika mkono wa mwenzake kwenye duara na kugundua kwamba miguu inajua kitu ambacho kichwa hakikijui, huyo amepata kitu cha kweli, na natamani ningekuwa na mtu wa kunilipia safari kama hiyo hata ya kwenda hapo tu ng'ambo ya mto, kwa watu wa nyanya yangu.

Ila barabara kuu ya kutoka Patras kwenda Pyrgos inapita Nea Manolada. Basi la vijana litapita hapo hata hivyo. Dereva anaweza kusimamisha kwa saa moja.